Umehama kampuni ya faiba na intaneti mpya inasumbua? Anza na taa za kiboksi, simu ya huduma kwa wateja baadaye

Kabla hujaanza kumlaumu fundi, kichwani gawa njia ya intaneti vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kutoka nguzoni mpaka kwenye kile kiboksi cha ukutani chenye taa taa, mafundi wanakiita ONU au ONT, wengi wetu tunasema rauta tu basi. Hicho ni cha kampuni, kikisumbua wao ndo wa kuja. Kipande cha pili ni kutoka kwenye kiboksi kwenda kwenye simu, tv na laptopu zenu, na hicho ni chenu, hata ukipiga huduma kwa wateja utaambiwa zima washa, zima washa, mpaka uchoke mwenyewe. Kazi yote ya kutafuta tatizo ni kujua liko kipande gani, na taa za kiboksi pamoja na waya mmoja wa mtandao zinatosha kukujibu.

Na jambo la kwanza kabisa: usifunge ya zamani siku mpya inapofungwa.

Laini za simu tumezoea vizuri, tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao ukabaki na namba yako, unaenda kwa hao wapya na wenyewe wanamalizana na wale wa zamani. Watu wanadhani na faiba ya nyumbani ni hivyo hivyo. Uingereza ndo wana utaratibu kama huo kwa intaneti ya nyumbani, ulianza Septemba 2024, unaongea na kampuni mpya peke yake, basi. Huku Mbeya wewe ndo unaongea na hawa na unaongea na wale, kwa hiyo acha ile ya zamani imalizie muda ulioshalipia. Faida yake sio kwamba hutakosa intaneti tu. Ukiwa na zote mbili hewani una kipimo cha bure: simu inasumbua kwenye mpya, iunge kwenye ya zamani, ikisumbua na huko basi tatizo ni simu, huna haja ya kumtoa fundi Mwanjelwa aje Uyole kwa bodaboda kuangalia simu iliyojaa picha.

Kabla hujaichomoa ile ya zamani piga picha jina la waifai na paswedi, piga picha namba za nyuma ya rauta, na kama kuna mtu aliwahi kukuwekea mambo ya kamera humo ndani piga picha na hizo kurasa. Utanishukuru kwenye sehemu ya tv.

TAA YA LOS INAWAKA NYEKUNDU

Hii maana yake kiboksi hakipokei mwanga, ule unaobeba intaneti ndani ya faiba. Sio malipo, sio paswedi, sio waifai. Na tafadhali usibonyeze kile kitundu cha riseti kwa sindano, maana mwanga hautarudi kwa riseti ila mipangilio aliyoweka fundi inaweza kufutika, sasa badala ya tatizo moja una mawili.

Angalia kichwa cha kebo nyembamba kinapoingia chini ya kiboksi. Sukuma taratibu mpaka usikie kimekaa, mara nyingi mtu kafagia au kasogeza meza kikalegea. Halafu angalia rangi. Kichwa cha kijani ncha yake imekatwa mshazari kidogo, cha bluu ncha yake ni bapa, hivi viwili havichanganywi, ukichomeka kijani kwenye tundu la bluu mwanga mwingi unapotea njiani. Kwa wanaohama hii inatokea sana kwa sababu ile kebo ya kuunganishia ya kampuni ya zamani ilikuwa ndefu kidogo, mtu anaona bora aitumie hiyo ili kiboksi kifike kwenye tv. Tumia iliyokuja na kiboksi kipya, kama haifiki mwambie fundi alete ndefu.

Usiguse ncha kwa kidole, usiifute kwa fulana, usiipulize kwa mdomo. Kiangazi vumbi la huku unalijua, na chembe moja tu ikikaa kwenye ncha inatosha kuharibu. Mafundi wana kikalamu cha kusafishia, waachie hiyo kazi. Na usichungulie ndani ya kebo kuona kama kuna mwanga, ule mwanga jicho haliuoni lakini unaweza kuliumiza.

Kisha fuata kebo yote ndani ya nyumba. Faiba ni kioo, inakubali kuzunguka ila haipendi kukunjwa. Mzunguko wowote usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Angalia nyuma ya kabati, angalia chini ya mlango, angalia kama kuna mtu kaibana kwa klipu ya waya wa umeme akaipiga nyundo mpaka ikabonyea. Kebo iliyobonyea haionyeshi kitu kwa nje lakini ndani mwanga unavuja.

Halafu dari. Hapa ndo Mbeya na Iringa na Njombe tuna tatizo letu wenyewe ambalo vitabu vya maelekezo haviliandiki: mahindi. Nyumba nyingi dari inageuzwa ghala baada ya mavuno, mahindi yanaleta panya, panya anatafuna kila kilaini kinachopita. Dalili yake ni kwamba jioni ilikuwa nzima, asubuhi LOS nyekundu, na hakuna aliyegusa kitu. Usihangaike na kiboksi, panda na tochi. Na kama kebo bado haijafungwa mwambie fundi apitishe kwenye paipu ya umeme kule juu au azungushe nje chini ya fashiabodi, paipu bei yake ni ndogo ukilinganisha na kuita watu wa kuunga faiba, maana kuunga faiba sio kusokota waya na kuzungusha selotepu, wanakuja na mashine ya kuchomelea.

Nje angalia tu kwa macho usipande nguzo. Milingoti ya jirani imeangusha tawi? Lori la mbao limepita na mzigo mrefu likavuta kebo iliyokatiza barabara? Kama kebo imening'inia hata kama haijakatika, piga picha uitume.

Mwisho kabla ya kupiga simu muulize jirani anayetumia kampuni hiyo hiyo. Kama na yeye yuko nyekundu, shida iko mbali na nyumba yenu. Upanuzi wa barabara kuu hapa mjini, kile kipande cha njia nne cha Nsalaga hadi Ifisi, unajua greda likichimba halimuulizi mtu kuna nini chini. Hapo unaripoti tu na kusubiri, hakuna unachoweza kurekebisha sebuleni.

INAKATA MVUA IKINYESHA

Hii naitenga kwa sababu watu wanafungiwa faiba Agosti, kila kitu safi, halafu Desemba wanaanza kulia. Kawaida ni maji kwenye boksi la nguzoni ambalo halikufungwa vizuri, au kiungo kilichokuwa dhaifu toka mwanzo ila kilikuwa kinajikaza kaza.

Dawa ni kuomba namba siku ya kufungiwa. Fundi ana pawa mita, anachomeka kebo inasoma nguvu ya mwanga kwa kipimo cha dBm, namba za hasi. Kwa faiba nyingi za nyumbani, zile za mfumo wa GPON, kiboksi kinapokea vizuri kuanzia hasi 8 mpaka hasi 27, kadri hasi inavyokuwa kubwa ndo mwanga unavyokuwa mdogo. Ukisomewa hasi 18 au hasi 21 tulia. Ukisomewa hasi 26 na fundi anakwambia "inafanya kazi boss", ni kweli inafanya kazi leo, jua linawaka. Mimi kwa hasi 26 sisaini karatasi, namuomba kwa adabu arudi nguzoni aunge upya, na kama anakwambia haiwezekani mwambie aandike hiyo namba kwenye fomu. Namba yenyewe unaweza kuiona hata bila mita kwenye ukurasa wa ndani wa viboksi vingi, kwenye sehemu ya taarifa za mwanga, ipige picha siku ya kwanza. Siku ikisumbua unalinganisha, ilikuwa hasi 20 leo hasi 28, hapo hakuna ubishi wa zima washa.

LOS IMEZIMA ILA PON INAPEPESA TU

PON ni taa inayoonyesha kama kituo cha kampuni kimekitambua kiboksi. Mwanga upo, kiboksi kinabisha hodi na huko kituoni hawakitambui. Kila kiboksi kina namba yake ya utambulisho (serial number), imeandikwa kwenye stika, na lazima iingizwe kwenye mfumo wao. Fundi kafunga jioni, mtu wa ofisini katoka, namba haijaingizwa au imekosewa herufi moja. Piga simu usome stika, mnamaliza hapo hapo. Kama ni wewe umeamua kutumia kiboksi cha kampuni ya zamani kwa sababu kinafanana, acha, hakitakubalika huko.

PON IMETULIA, WAIFAI INAONEKANA, LAKINI HAKUNA INTANETI

Hapa kipande cha mwanga kiko sawa. Kilichobaki ni akaunti au mipangilio. Kwanza malipo: ulilipa kwa namba ya kumbukumbu gani? Kuna watu wanalipia ankara ya kampuni mpya wanatumia namba ya zamani iliyojisevu kwenye simu, hela imeenda kwa kampuni ya zamani na wanakushukuru kwa kuendelea kuwa nao.

Pili ni wale wenye rauta yao binafsi, waliyonunua wenyewe, wanaiunga nyuma ya kiboksi. Hiyo rauta bado ina jina na paswedi ya kuunganishia ya kampuni ya zamani, ile inaitwa PPPoE, lazima uifute uweke mpya, au uweke ijipatie anwani yenyewe kama kampuni mpya haitumii PPPoE. Waulize mambo matatu kwa mpigo ili usipige simu mara tatu: tunatumia PPPoE au hapana, jina na paswedi yangu ni ipi, na kuna namba ya VLAN, ile ya kutenganisha njia ndani ya mtandao wao, natakiwa niweke. Baadhi wanafunga akaunti kwenye kifaa cha kwanza kilichoungwa, ukibadilisha rauta inagoma mpaka wafungue wao.

Tatu, na hii inachanganya hata mafundi, kiboksi kipya na rauta yako vyote vinaweza kuwa vinajiita 192.168.1.1. Dalili yake ni kwamba ukiunga laptopu moja kwa moja kwenye kiboksi intaneti ipo, ukipitia rauta yako haipo au inakuja na kupotea. Badilisha ya rauta yako iwe 192.168.10.1, au ifanye iwe ya kusambaza waifai tu, hiyo ndo naipenda zaidi kwa nyumba ya kawaida, kazi ya kugawa anwani inabaki kwa kiboksi kimoja na hakuna wa kugombana naye.

NALIPIA SPIDI KUBWA LAKINI MBONA NDOGO

Asilimia kubwa ya lawama zinaishia hapa na asilimia kubwa ya hizo lawama ni kipande cha pili, kile chenu.

Kwanza hesabu. Kifurushi cha Mbps 20 sio megabaiti 20 kwa sekunde. Gawanya kwa 8. Ukiona faili linashuka kwa megabaiti 2.4 kwa sekunde, hujaibiwa, hiyo ndo 20 yako.

Pili pima kwa waya. Chukua laptopu, waya wa mtandao, chomeka kwenye kiboksi, zima waifai, waambie watoto waache YouTube dakika mbili, pima. Ikifika spidi uliyolipia, au karibu yake, kampuni imemaliza kazi yake na tunaanza kuitazama nyumba. Isipofika hata kwa waya, piga skrinishoti, hiyo ndo ushahidi, skrinishoti ya simu ukiwa umelala chumbani hawaipokei na mimi nisingeipokea. Angalizo dogo: ikiganda kwenye 94 hivi wakati kifurushi ni 200, tatizo ni waya wako wa zamani wenye nyuzi nne tu zinazofanya kazi, au tundu la laptopu ni la 100. Waya mpya unamaliza.

Sasa waifai. Nyumba zetu ni matofali ya kuchoma, mengine yamelazwa kwa upana kabisa ili baridi ya Juni isipite, na ukuta unaozuia baridi unazuia na waifai. Kiboksi kinatoa mawimbi ya aina mbili. GHz 5 ina spidi kubwa ila ukuta mmoja wa maana unaichosha, miwili inakufa. GHz 2.4 inapenya zaidi ila ni ya polepole, na kama jirani zako wote wana waifai mnagombania nafasi chache sana. Kwa hiyo unakuta mtu yuko sebuleni anapata 80, anaingia chumba cha nyuma anapata 6, anaandika kwamba kampuni mpya matapeli.

Fundi kwa kawaida anafunga kiboksi pale kebo inapoingilia, yaani kona ya sebule karibu na dirisha, nusu ya waifai yako inatangazia migomba ya jirani. Siku ya kufunga simama naye, mwambie akipeleke kwenye korido katikati ya nyumba, juu kidogo usawa wa kichwa, mbali na friji, kioo kikubwa cha kabati na tanki la maji kama liko ndani. Anaweza kununa kwa sababu ya kebo ya ziada, mpe chai. Kama kishafungwa na hakihamishiki, vuta waya wa mtandao kutoka kwenye kiboksi mpaka chumba cha nyuma uweke rauta ya pili huko. Vile vidude vya kuchomeka ukutani vya kurudisha waifai mimi sivipendi, vinakamata waifai iliyoshachoka na kukugawia iliyochoka zaidi, ila kama huwezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba basi weka katikati ya njia, usiweke kule kule isikofika.

TV, KAMERA NA PRINTA ZIMEKATAA KUUNGA

Ndo kazi ya zile picha. Ingia kwenye kiboksi kipya, badilisha jina la waifai na paswedi vifanane herufi kwa herufi na vya zamani, vifaa vitajiunga vyenyewe bila kuzunguka nyumba nzima na rimoti. Lakini fanya hivyo baada ya kuzima rauta ya zamani, zikiwa zote mbili hewani na jina moja simu zitakuwa zinarukia huku na huku na utadhani mpya ndo mbovu.

Zikikataa bado, hasa kamera na zile taa za kuwasha kwa simu, vingi vinajua GHz 2.4 tu. Kiboksi kikiwa kimeunganisha mawimbi yote kwenye jina moja vinachanganyikiwa, tenganisha majina, kamera ipeleke kwenye 2.4. Na usalama ukiwa umewekwa WPA3 pekee vifaa vya zamani vinagoma kimya kimya, weka WPA2.

BAADHI YA VITU VINAFUNGUKA, VINGINE HAPANA

Kwenye laptopu fungua sehemu ya kuandika amri, andika ping 1.1.1.1. Ikijibu wakati tovuti hazifunguki, tatizo ni DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani, ingia kwenye kiboksi uweke 1.1.1.1 na 8.8.8.8, kazi imekwisha.

Kama tovuti nyingi ziko sawa ila moja mbili, mara nyingi ya benki au ya ofisini, inaanza kufunguka halafu inaganda nyeupe, angalia MTU kwenye rauta yako, yaani ukubwa wa juu wa kila kifurushi cha data kinachotumwa. Kwa anayetumia PPPoE inatakiwa iwe 1492 sio 1500. Ni mpangilio ambao hakuna anayeukumbuka kwa sababu vitu vingine vyote vinafanya kazi.

Na wale wenye kamera dukani Kabwe au shambani Tukuyu walizokuwa wanaziangalia kwa kuandika namba ya anwani: ingia kwenye kiboksi angalia anwani ya nje. Ikianzia 100.64 mpaka 100.127, mmewekwa wateja wengi nyuma ya anwani moja, mlango wako hauonekani kutoka nje hata ufungue milango yote kwenye rauta. Kampuni ya zamani labda ilikupa anwani ya peke yako. Unaomba hii mpya ikuuzie anwani ya peke yako, au unahamia kwenye programu ya simu ya kamera yenyewe inayopitia kwenye seva zao. Hili ulizia kabla ya kuhama, sio baada.

JIONI INAKUWA NZITO, ASUBUHI SAFI

Pima kwa waya asubuhi, pima tena saa mbili usiku, siku tatu nne mfululizo, hifadhi skrinishoti. Faiba inayokuja kwako haiko peke yako, inatoka kwenye spilita, kigawanyio cha mwanga, mnayogawana na majirani, mara nyingi nyumba 32 au hata 64 kwa uzi mmoja, na GPON inashusha kama Gbps 2.5 kwa wote. Hiyo inatosha, kwa hiyo ikizidiwa mara nyingi ni huko juu zaidi, kampuni imeuza wateja wengi kuliko njia iliyonunua. Hapo huna cha kurekebisha, una cha kudai.

Tofautisha na siku ambayo nchi nzima inalia. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za SEACOM na EASSy zilikatika kusini huko, Tanzania nzima ikakwama, mtu wa Mbeya alikuwa na taa zote za kijani na PON imetulia vizuri. Pima spidi kwa kuchagua seva ya Dar es Salaam kisha seva ya Ulaya. Dar nzuri Ulaya mbovu, tatizo liko baharini au kwa wanaowauzia hao. Dar yenyewe mbovu kwa waya, muda wa kwenda na kurudi (ping) umefika milisekunde mia na kitu, basi liko kwao au kwenye mkongo kati ya hapa na Dar. Mwanga wenyewe kwa umbali wa Mbeya mpaka Dar, kilomita mia nane na kitu, unahitaji milisekunde 8 hivi kwenda na kurudi, vifaa vya njiani vinaongeza kidogo, lakini sio mia.

UMEME UKIKATIKA INTANETI INAKATIKA

Kati ya kituo chao na kwako spilita hazitumii umeme, na kituo kwa kawaida kina betri. Kinachozima ni kiboksi chako tu. Nunua kile kiyuPS kidogo, yaani betri ya akiba (UPS), cha volti 12, ila soma adapta ya kiboksi kwanza, volti zifanane kabisa na ampia za kiyuPS zisiwe pungufu, wengi wanatumia adapta ya rauta ya zamani kwa sababu pini inaingia. Pini kuingia sio kigezo, kuna za volti 9 zinaingia vizuri tu na kiboksi kinawaka na kuzima kila dakika, mtu anadhani faiba.

Radi zikianza chomoa adapta ukutani. Kioo hakipitishi umeme, lakini adapta na waya za mtandao zinapitisha, na ile kebo ya kutoka nguzoni mara nyingi ina waya wa chuma wa kuibebea, angalia fundi aliukata na kuufunga nje, usiingie nao ndani mpaka kwenye kiboksi.

ANKARA MBILI

Ukisharidhika na mpya, wiki mbili zimepita, mvua imenyesha hata moja, sasa funga ya zamani. Kwa maandishi, imeili au barua iliyogongwa muhuri umebaki na nakala, sio kwa mdomo kwa yule fundi wao unayemfahamu. Kutokulipa tu sio kufunga, kama mkataba wako ni wa kulipa baada ya matumizi deni linaendelea kukua. Soma kama mkataba una muda wa chini na kama rauta ni yao. Ikiwa yao irudishe na adapta yake, chukua risiti yenye namba ya kifaa, maana mwaka mmoja baadaye mtu mwingine kabisa ofisini atakuuliza iko wapi.

Wakikataa kufunga au wakaendelea kukudai, na vile vile hawa wapya wakishindwa kurekebisha ile spidi ya jioni uliyonayo kwenye skrinishoti, mpangilio ni huo huo: malalamiko kwa kampuni kwanza, upate namba ya malalamiko, uwape muda. Ikishindikana peleka TCRA, wana ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa Mbeya, na unakwenda na ile namba, mkataba, risiti na picha za dBm.